Mikono Ikikakamaa Katikati ya Zoezi la Kupumua

Kama umewahi kufanya mazoezi ya kupumua kwa nguvu, yale ya kuvuta na kutoa pumzi mfululizo bila kituo, huenda unaijua hali hii. Midomo inaanza kufa ganzi. Ncha za vidole zinachomachoma kama mkono ulioulalia usiku kucha. Muda si mrefu dole gumba linavutwa ndani ya kiganja, vidole vingine vinanyooka na kubanana, kifundo cha mkono kinajikunja, na hata ukitaka kuufungua mkono, haukutii. Wengine hukakamaa miguu, vidole vikaelekea chini. Wengine hushikwa taya. Kwa mtu asiyejua kinachoendelea mwilini mwake, hofu inayompata si ndogo.

Nimefanya mazoezi ya aina hii kwa miaka, na nimeketi pembeni ya watu wengi wakiyafanya. Jambo ambalo natamani kila anayeanza aambiwe mapema ni hili: mkakamao huu unatokana na kutoa hewa ukaa kwa wingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kwa hiyo kinga yake imo ndani ya pumzi yenyewe. Maji, vidonge na kunyoosha viungo vina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo.

Ngoja nieleze, kwa sababu ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Tumezoea kuiona hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, kama uchafu wa kutupwa nje. Kumbe mwili unaihitaji ili damu isipoteze uwiano wake wa asidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, shinikizo la hewa hiyo katika damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, huwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Ukipumua kwa nguvu kwa dakika chache, kiwango hicho kinaweza kuporomoka hadi karibu 20. Damu inapungukiwa asidi, na hapo protini ya damu iitwayo albumini inaanza kuikamata kalsiamu iliyokuwa ikielea huru. Kalsiamu haijapotea mwilini, ila sehemu iliyo huru imepungua, na ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu. Mishipa ikikosa utulivu huo inaanza kurusha ishara bila kuamriwa. Ile inayopeleka hisia ndiyo hutangulia, ndiyo maana ganzi na mchomo huja kwanza. Ile inayoamrisha misuli hufuata, na hapo mkono unajifunga. Si jambo geni kwa wataalamu: mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Grant na Goldman, walichapisha kazi yao kuhusu mkakamao uliosababishwa na kupumua kwa nguvu tu.

Na kizunguzungu kinachoandamana nao? Hicho nacho ni kazi ya hewa ukaa. Ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa na damu inayofika kichwani hupungua. Watu hudhani wamejaza oksijeni kupita kiasi. Ukweli ni kwamba damu ya mtu mwenye afya huwa imeshabeba oksijeni kwa zaidi ya asilimia 95 hata akiwa amekaa tu, kwa hiyo nafasi ya kuongeza ni finyu mno. Tena hewa ukaa ikipungua, damu huing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia kwenye viungo, jambo lililoelezwa na Christian Bohr na wenzake huko Denmark mwaka 1904.

Sasa tuje kwenye pumzi yenyewe. Chukua hesabu ndogo. Mtu aliyetulia huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja, mara 12 hivi kwa dakika. Kati ya hizo 500, mililita 150 hivi huishia kwenye koo na njia za hewa bila kufika mahali damu inapobadilishana hewa. Kwa hiyo hewa inayofanya kazi ni kama lita 4.2 kwa dakika. Mchukue sasa mtu anayevuta lita 1.5 mara 30 kwa dakika: hewa inayofanya kazi inafika lita 40, karibu mara kumi ya kawaida. Huyo yuko kwenye njia ya kukakamaa. Lakini akibaki na kasi ileile ya mara 30 huku kila pumzi ikiwa ndogo, tuseme mililita 300, anarudi kwenye lita 4.5, yaani karibu sawa na aliyekaa kimya.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu uchukue huu, ni kuchagua kati ya kina na kasi. Ukitaka kupumua haraka, fanya pumzi ziwe fupi na nyepesi. Ukitaka kuvuta pumzi za kujaza kifua chote, zifanye taratibu. Vyote viwili kwa pamoja, kwa dakika nyingi mfululizo, ndivyo vinavyoleta mikono iliyokunjamana.

Ushauri wa pili unahusu kutoa pumzi. Watazame watu wakifanya zoezi la pumzi iliyounganishwa, ambalo halina pengo kati ya kuvuta na kutoa. Wengi huvuta vizuri kabisa, kisha wanaisukuma pumzi nje kwa tumbo na midomo iliyobana, kana kwamba wanazima moto. Msukumo huo unatoa hewa ambayo ingebaki mapafuni, na pumzi inayofuata lazima iwe kubwa zaidi kuijazia. Kiasi kinapanda bila mtu kukusudia. Vuta kwa bidii kadiri zoezi linavyotaka, kisha iachie pumzi ishuke kwa uzito wake. Kifua kinashuka, mabega yanashuka, usiongeze chochote. Ninapokaa pembeni ya mtu anayeanza, sikio langu liko hapo tu: nikisikia kutoa kuna sauti kubwa kuliko kuvuta, namnong'oneza aachie.

Mtu wa yoga atauliza habari za kapalabhati, ambayo kutoa kwake ni kwa kusukuma. Swali zuri. Katika zoezi hilo msukumo ni mfupi sana, tumbo linagonga ndani mara moja, na kuvuta kunajileta kwenyewe, kwa hiyo kila pumzi ni ndogo. Likifanywa hivyo, kwa mizunguko mifupi yenye mapumziko, mkakamao huwa nadra. Anayekakamaa kwenye kapalabhati mara nyingi huwa amejiongezea kuvuta kwa nguvu bila kujua, na zoezi limegeuka bhastrika, lile zoezi jingine la yoga la kuvuta na kutoa vyote kwa nguvu, mikononi mwake.

Kuna dirisha dogo la kuzuia, nalo ni lile la ganzi. Kwa kuwa hisia hutangulia misuli, mwili unakupa taarifa kabla mkono haujajifunga. Zipo hatua ninazozitazama kwangu mwenyewe. Kwanza mchomo kuzunguka mdomo. Kisha ncha za vidole. Kisha kidole cha pete na kidogo vinaanza kuwa vizito, na nikijaribu kuligusanisha dole gumba na kila kidole, mwendo unakwama kidogo. Hapo ndipo pa kupunguza. Sisemi uache zoezi. Funga mdomo, pumua kwa pua, punguza kina hadi nusu, na baada ya kila kutoa acha kituo kifupi kabla ya kuvuta tena. Pumzi chache za namna hiyo kwa kawaida zinatosha kurudisha mchomo nyuma, na unaweza kuendelea kwa kiwango hicho kipya.

Ukichelewa na mkono ukajifunga, usiulazimishe kufunguka. Kuvuta vidole kwa nguvu kunaumiza na hakuondoi sababu. Pumua taratibu kwa pua, toa pumzi ndefu nyororo, au vumisha sauti ya chini ya "mmm" ukiwa umefunga mdomo, kwa sababu kuvumisha huko kunaurefusha utoaji hata kwa mtu aliyejawa na hofu. Uweke mkono mahali penye joto, juu ya tumbo au chini ya blanketi. Mwili unaendelea kutengeneza hewa ukaa muda wote, na ndani ya dakika chache vidole vinaanza kulegea kidogo kidogo. Uchovu wa misuli unaweza kubaki kwa muda. Usisimame ghafla wala usishike usukani mpaka kichwa kiwe kimetulia kabisa.

Ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uache. Mfuko huo unarudisha hewa ukaa, ni kweli, lakini unashusha oksijeni pia, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu ambaye hajijui, hiyo ni hatari ya kweli. Kupunguza pumzi kunafanya kazi ileile bila hatari hiyo.

Hapa niseme jambo linalonigusa sana. Wapo walimu wanaowaambia wanafunzi kwamba mkakamao ni hisia za zamani zilizofungwa mwilini, na kwamba dawa yake ni kupumua kwa nguvu zaidi hadi uvuke. Sikatai kwamba watu hulia, hukumbuka mambo na hupata nafuu katika mazoezi haya. Tangu Stanislav Grof na mkewe Christina walipoanzisha upumuaji wa holotropiki, yaani kupumua haraka na kwa kina ili kubadili hali ya fahamu, miaka ya 1970, wengi wametafuta nafuu hiyo. Lakini kumsukuma mtu ambaye mikono imekakamaa aongeze pumzi ni kumwongezea sababu ileile iliyomkakamaza, na anayeogopa hupumua haraka zaidi bila hata kuambiwa. Mwanafunzi ana haki ya kupunguza mwendo wakati wowote. Mwalimu asiyemruhusu, mwache.

Upo pia mkakamao wa aina nyingine ambao watu huuchanganya na huu. Huo haugusi mikono yote miwili kwa pamoja. Unashika upande wa shingo, katikati ya mbavu, au chini ya kifua, tena bila ganzi. Huo ni uchovu wa misuli iliyotumika vibaya, hasa kwa watu wanaoinua mabega kila wanapovuta. Weka kiganja kimoja tumboni na kingine kifuani, uhakikishe cha tumboni ndicho kinachotangulia kupanda, maana hapo kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ndicho kinachofanya kazi na shingo inapumzika. Unyayo au kigimbi kikibana ukiwa umelala, mara nyingi ni kwa sababu umenyoosha vidole mbele. Weka mto chini ya magoti, miguu ilegee.

Kuhusu maandalizi, nitapita haraka. Usifanye zoezi zito siku uliyotapika au kuharisha, au mara baada ya kutoka jasho jingi, kwa sababu madini ya damu yameshayumba. Kunywa maji kama kawaida yako, si kujaza tumbo. Vidonge vya magnesi havitazuia mkakamao wa pumzi kwa mtu asiye na upungufu. Na dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye bikaboneti ya sodiamu usizimeze kabla ya zoezi, maana nazo zinaisukuma damu upande uleule inakosukumwa na pumzi zako. Anza na mizunguko mifupi, uongeze muda kabla ya kuongeza nguvu.

Mazoezi haya usiyafanye kabisa ndani ya maji wala karibu nayo, hata kama ni bafu la nyumbani. Kupumua kwa nguvu kunashusha hewa ukaa, nayo ndiyo inayokupa hamu ya kuvuta pumzi, kwa hiyo anayebana pumzi baada yake anaweza kuzimia bila onyo. Watu wamekufa hivyo. Mwenye ujauzito, kifafa, ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu, presha ya macho, au aliyewahi kupata kiharusi, asijaribu aina hii ya zoezi bila kuzungumza na daktari. Na ukiona udhaifu wa upande mmoja tu, mdomo kupinda, maumivu ya kifua, au kuzimia, usiseme ni pumzi. Nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo kama umepumua taratibu kwa nusu saa na mkono bado umefungwa.

Mwisho, kuna watu wachache ambao hukakamaa hata wakipumua kwa upole, au hupata mchomo midomoni siku ambazo hawakufanya zoezi lolote. Ukiwa mmoja wao, simamisha mazoezi uende ukapimwe damu: kalsiamu, magnesi, potasiamu na vitamini D. Omba kalsiamu iliyo huru ipimwe ikiwezekana, kwa sababu kipimo cha jumla kinaweza kuonekana sawa wakati ile iliyo huru imepungua. Mweleze daktari kama unatumia dawa za kukojosha au umewahi kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, maana tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu ziko nyuma yake na zinaweza kuathirika.