Kanga isiyo na jina: nilivyoanza kuandika na kuchora kilichonikaa kooni

Mama alifariki mwezi wa pili mwaka juzi, Tanga, na mi sikulia. Naanzia hapo sababu watu wakiniuliza mashairi nilianzaje wanategemea niwape stori ya mwalimu fulani wa shule ya msingi, hamna, nilianza sababu nilishindwa kulia. Siku ya mazishi nilikuwa nabeba viti, naelekeza magari, nahesabu sahani, wajomba wananipigapiga bega "jikaze, we mwanaume", na mi nikajikaza kweli, nikajikaza mpaka nikapitiliza. Baada ya hitma nikapanda basi nikarudi Dar kazini, nauza duka la vifaa vya ujenzi huku Buguruni, nikawa nahesabu misumari na kupakia saruji na utani juu kama vile nilitoka harusini.

Mwezi wa nne tangu msiba akaja mama mmoja dukani kashika kanga, anataka rangi ya ukutani ifanane na kijani cha kwenye pindo. Nikaanza kumchanganyia, kijani, njano kidogo, tone la nyeusi, nachovya kijiti nakiweka pembeni ya kanga nalinganisha, naongeza, nalinganisha tena, na katikati ya hiyo kazi ndo nikashtukia maji yanadondokea kwenye kopo. Yule mama akauliza kama tina imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo mama, ni hii tina.

Jioni ile nilirudi geto nikachukua daftari la mauzo, kwa nyuma, nikaandika:

Ewe huzuni huzuni, moyo wangu waumia,
Nimezama majonzini, machozi yanimwagia...

Mizani (hesabu ya silabi) imetimia, vina (silabi za mwisho zinazofanana) vipo, na bado ni uongo mtupu. Yaani nimeandika machozi yananimwagia wakati macho makavu kama jiwe! Nilikuwa nimekopa maneno ya msibani, yale ambayo yakiwekwa kwenye tangazo la kifo cha mtu yeyote yanafiti. Na hapo ndo kuna kosa ambalo naliona kwa karibu kila mtu anayenitumia shairi lake nilisome, anaandika jina la hisia badala ya kitu kilichomletea hiyo hisia. Huzuni, majonzi, mapenzi, maumivu, hayo maneno yamevaliwa na watu wengi mno mpaka yamechanika magotini.

Nilikaa na lile daftari kama wiki tatu, sipati kitu. Kilichonifungua ni simu ya dada. Tunaongea mambo yetu ya nyumba, akasema kwa kupitia tu, ile kanga ya mama niliyoifua siku tatu baada ya mazishi bado ipo kwenye kamba, kila nikitaka kuianua mkono unagoma. Basi. Nikakata simu nikaandika hii, usiku huohuo, naomba msinicheke:

Kanga yako i kambani, haijatolewa leo,
Nimeiacha juani, ndilo langu kimbilio,
Naitazama jioni, macho hayana kilio,
Upepo unaijaza, kama bado umevaa.

Sisemi ni shairi kubwa, mjuzi atakuta pa kushika. Ila ule mshororo wa mwisho ulipokuja, upepo unaingia kwenye nguo inatuna kama ina mwili ndani, nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Na angalia, neno huzuni halimo humo hata mara moja.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, tafuta kitu. Kikombe, kandambili, namba ya simu ambayo hujaifuta, harufu ya karafuu kwenye kabati. Ukikosa kitu, basi muite mtu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, shairi la maombolezo analifungua kwa kumwita jina lake, Amina, anazungumza naye moja kwa moja kama mtu aliyetoka mlango wa nyuma sasa hivi. Sisi watu wa Tanga tunajidai naye sana huyu mzee, kazaliwa kwetu 1909, ila nilivyokuwa shuleni lile shairi lilikuwa la kujibia mtihani tu, bainisha vina, taja dhamira. Nilivyolirudia baada ya msiba ndo nikaelewa kwamba kumbe yule alikuwa anaongea na mtu.

Sasa wapo wanaoniambia kaka mizani zinabana, moyo ukiwa umejaa utahesabuje silabi? Huu ugomvi ni wa zamani, miaka ya 1970 washairi wetu waligombana hasa, upande mmoja wanasema bila vina na mizani si shairi, upande mwingine kina Kezilahabi wanaandika mashairi huru na wanaeleweka vizuri tu. Mi sina ugomvi na mtu. Kama huru ndo inakutoka, andika huru. Ila kwa hali niliyokuwa nayo, mizani ndo zilinisaidia, na nitakwambia kwanini. Nane na nane, kumi na sita, mara nne, unahesabu kwa vidole kwenye daladala kutoka Buguruni mpaka Kariakoo, na wakati akili imeshikwa na hesabu, lile jambo lenyewe linapita kwa chini bila wewe kulizuia. Ni kama mtu anayeongea huku anachambua mchele. Mwambie akae akutazame machoni akueleze yaliyomsibu, hatosema. Mpe ungo, atasema yote.

Tena kina kinakulazimisha uende pale ambapo usingeenda. Mi nilitaka neno linaloishia na "o" tu, nikaja na "kilio", na kabla sijafikiri vizuri nimeshaandika kwamba macho yangu hayana kilio. Hilo nilikuwa sijamwambia binadamu yeyote, lilitolewa na kina.

Kama shairi la mizani kumi na sita linakushinda anza na utenzi, vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinarudi na kina kilekile ubeti baada ya ubeti. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate mwaka 1858, mgonjwa, anajua safari imekaribia, alimwandikia bintiye kwa mtindo huo, beti mia na kidogo. Sikubaliani na kila alichomwusia yule binti kuhusu waume, hiyo tuiache, lakini fikiria mama anayejua anaondoka na anakaa anapanga vina. Haikuwa mapambo ile.

Halafu kuna mambo ya vifaa. Usiniambie unasubiri kununua daftari zuri. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, na mashairi yake ya jela aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Mi daftari la mauzo lina mistari myekundu ya shilingi na senti, na beti zangu zimekaa humo katikati ya saruji mifuko minne na bati geji 30.

Lakini sio kila kitu kiliingia kwenye maneno. Ule ubeti ulitoka, ukafuata mwingine na mwingine, ila kuna kitu kilibaki, na hapo ndo nikaingia kwenye rangi. Dukani kuna vipande vya hadibodi vinavyobaki tukikatia wateja, na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobakiwa na kidogo chini. Nikawa nabeba nyumbani (bosi anajua, msianze). Sio ubunifu wangu, Edward Saidi Tingatinga alianza hivyohivyo hapa Dar mwaka 1968, hadibodi na rangi ya kung'aa ile ya kupaka baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na leo hakuna duka la vinyago nchi hii halina tembo wa kuchorwa kwa mkono wa aina yake.

Nikajaribu kumchora mama. Jamani! Nilitoa sura ya mgombea udiwani. Nikafuta kwa tina nikarudia, nikatoa sura ya shangazi, nikafuta, mara ya tatu nikakasirika nikapiga rangi nyeupe ubao mzima nikalala. Asubuhi nautazama ule weupe nikaona kumbe nafanya kosa lilelile la "ewe huzuni huzuni", naenda kwenye kitu kikubwa moja kwa moja wakati siwezi kukibeba. Nikaacha sura. Nikachora kanga.

Na kanga, ukikaa ukaitazama, ni shairi na picha kwa pamoja, bibi zetu walishatatua hii kesi zamani. Ina pindo pande zote nne, ina mji pale kati, na ina jina, ule msemo kwa chini, na mwanamke ambaye hawezi kumwambia mume wala wifi wala jirani kile kilichomkaa kooni, anaenda dukani anachagua jina, anajifunga, anapita nalo uani. Hajasema neno. Chukua hili, "japo sipati tamaa sikati", lihesabu, mizani tano na sita, sipati na sikati zinaitikiana, na limekaa ndani ya rangi zinazopiga kelele. Mtu mzima kamaliza kusema na mikono yake ipo huru inasonga ugali.

Rangi ya mafuta ina faida moja ambayo sikuitegemea, haikauki haraka. Kwa joto hili na unyevu wetu unasubiri mpaka kesho ndo upake rangi ya pili juu yake, ukilazimisha inavuruga, kijani kinaingia kwenye nyekundu unapata matope. Kwahiyo kila siku napaka kitu kimoja tu. Leo pindo, kesho madoa, keshokutwa mji. Dakika ishirini, nafunga kopo, nalala. Nilipokuwa naandika naweza kukesha nikajiumiza, ila rangi ilinikataza. Kama we ni mtu wa kukesha na mawazo jaribu rangi ya mafuta. Ila fungua dirisha, ile harufu sio ya mchezo, na usifanyie chumba chenye mtoto.

Kuhusu kuonyesha watu, hapa niliharibu na nataka we usiharibu. Ule ubeti wa kanga niliurusha kwenye grupu la ukoo ukiwa na siku mbili tu. Wa kwanza akaweka mikono ya dua. Wa pili akasema "nguvu mpya". Wa tatu, mzee wetu mmoja msomi, akanikosoa kwamba kituo, yaani mshororo wa mwisho, hakijafuata vina vya juu, kumbe anajua kabisa kituo kinaruhusiwa kubadili vina. Wa nne akakumbushia mchango wa arusi ya mtu. Na wa tano, ndugu yangu wa damu kabisa, akanipigia simu usiku kauliza nina maana gani kusema kanga haijatolewa, namsema yeye kwamba hajaja kugawa nguo za marehemu? Kwetu sisi shairi likitoka tu watu wanatafuta kijembe kiko wapi na kimemlenga nani, miaka mingi ya taarabu imetufundisha hivyo. Nikajieleza nusu saa. Nilipokata simu lile shairi lilikuwa sio langu tena, na sikuandika mwezi mzima.

Siku hizi kitu kikitoka nakifungia. Kikifika mwezi nakisoma kwa sauti peke yangu, kama bado kinanigusa ndo natafuta mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hana haraka. Stetasi baadaye, au isiwe kabisa. Mengine nimeyachana, na kuyachana nako ni kazi halali, usijione umepoteza muda.

Na hili nalisema haraka lakini naomba ulisikie. Mimi kuna kipindi nilikaa siku nyingi silali, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu, na beti ninazo, picha ninazo. Nikaenda hospitali, nikakutana na mtu wa ushauri nasaha, nikaongea naye mara kadhaa. Ilisaidia kwa namna ambayo kalamu haikuweza. Ukiona hulali, huli, au unawaza kujidhuru, funga daftari uende, utalikuta palepale.

Ule ubao nilimaliza karibu na kumbukumbu ya mwaka. Pindo jeusi na chungwa, mji wa kijani, na kwa chini ile sehemu ya jina nikaacha tupu. Sio kwa makusudi ya kisanii, nilikosa tu. Niliandika majina kama kumi na tano kwenye daftari, "nani kama mama" nikaona imeshauzwa sana, mengine ya kujifanya yana hekima, nikayakata yote.

Dada alikuja Dar mwezi wa tisa, kaja na ile kanga yenyewe. Alishaianua. Akausimamia ubao, anatazama, kimya, halafu akaanza kucheka, anacheka huku anafuta macho na pembe ya mtandio. Akasema, mama angekuuliza hii kanga umeinunua wapi, kanga gani haina jina.

Jioni tukaunyoosha ule upande mmoja kitandani, ni doti kumbe, upande wa pili amejifunga yeye. Wangu ameuacha. Kopo la rangi nyeusi lipo chini ya kitanda, nimelifungua juzi, juu limeanza kuweka utando lakini ukitoboa na kijiti chini bado ni maji.