Waulize Mafundi: Pedali Inazama, Dramu Haitoki

Mafundi, shikamooni. Nina Morris Minor 1000 niliyoachiwa na baba. Nikikanyaga breki, pedali inashuka karibu na sakafu. Nikikanyaga tena papo hapo inashika juu na kuwa ngumu. Gereji imetoa hewa mara tatu, sasa wanasema ninunue masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali). Ninunue? (Msomaji, Jinja)

Marahaba. Usinunue bado. Pedali inayopanda kwa mkanyago wa pili na kubaki ngumu mara nyingi inakuambia kwamba shu (vipande vilivyopinda vinavyobana) ziko mbali na dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu): mkanyago wa kwanza wote unaishia kuzisogeza tu. Hewa ikiwa ndani, pedali hubonyea kama sponji. Masta iliyochoka nayo ina tabia yake. Ukiikanyaga pedali na kuishikilia dakika moja injini ikiwa imezimwa, inazama polepole, wala huoni mafuta yanayovuja popote. Fanya kipimo hicho kwanza, hakikugharimu shilingi.

Kisha rekebisha shu. Piga jeki, weka stendi (si matofali), zuia magurudumu yaliyobaki chini, toa gurudumu. Kwenye uso wa dramu kuna tundu. Zungusha dramu mpaka uone kichwa cha skrubu ndani yake, uikaze kwa bisibisi bapa mpaka dramu igome, halafu uirudishe kidogo mpaka usikie mlio mmoja. Dramu izunguke huru. Mkwaruzo mdogo si kitu. Kanyaga pedali kwa nguvu ili shu zijiweke katikati, kisha rudia. Magurudumu ya mbele yana skrubu mbili kila moja kwa sababu kila shu ina silinda yake. Ya nyuma yana moja tu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanakaza moja ya mbele, wanaisahau ya upande wa pili, kisha gari linavuta upande mmoja na lawama zinaangukia usukani. Kwa magurudumu ya nyuma, achia breki ya mkono kabla ya kugusa chochote.

Skrubu ikifika mwisho na dramu bado inazunguka ovyo, lainingi (tabaka la msuguano juu ya shu) imeisha au dramu imelika. Dramu ya Minor inashikwa na skrubu mbili ndogo, zitoe uangalie. Lainingi ya riveti ikibakiza milimita 1 juu ya kichwa cha riveti, badilisha, na ubadilishe magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, maana lainingi za zamani nyingi zina asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, ukitupe.

Shu mpya za magari haya hazipatikani kirahisi, lakini vyuma vyako vya zamani vinaweza kupigwa lainingi mpya. Ulizia Kisekka, Katwe au Ndeeba, huko Kampala. Simama uangalie kazi. Riveti zianzie katikati zikielekea kwenye ncha, vinginevyo lainingi hubaki na uwazi chini yake na kupasuka. Ziwe za shaba au aluminiamu, kamwe zisiwe za chuma. Ukirudi nyumbani, paka chaki ndani ya dramu, funga, zungusha huku umekanyaga kidogo, kisha fungua. Chaki ikishika katikati tu ya lainingi, mviringo wake haulingani na dramu, na hutapata breki hata ukaze vipi. Sugua sehemu hiyo kwa msasa mpaka iguse karibu kote.

Volkswagen Beetle yangu ina mafuta kwenye gurudumu la nyuma na dramu imegoma kutoka. Fundi anataka kuipiga nyundo, kisha azichome shu kwa petroli zikauke. (Msomaji, Mbarara)

Mzuie kwa yote mawili. Dramu ni chuma cha kumimina. Ukiipiga ukingoni inapasuka. Nati yake ya milimita 36 ilegezwe gari likiwa chini, breki ya mkono imevutwa. Baada ya hapo inua gari, achia breki ya mkono, na urudishe nyuma magurudumu madogo ya meno yanayorekebisha shu. Kinachoizuia mara nyingi ni ule ukingo uliobaki pale lainingi isipofika. Ikigoma bado, tumia pula (kifaa cha kuvutia) inayofungwa kwenye matundu ya bolti za rimu.

Nusa mafuta hayo. Yakiwa ya giaboksi, sili ya ekseli imekwisha. Yakiwa ya breki, ni raba za silinda ya gurudumu. Ukikuta silinda ina mashimo ya kutu ndani, raba mpya zitavuja tena. Nunua silinda nzima. Shu zilizolowa mafuta hazioshiki. Moto hukausha juu tu, mafuta ya ndani yanarudi dramu ikipata joto.

Kufunga, nati inahitaji nguvu ya kukaza ya Nm (nyutoni mita) 300. Bila spana ya kupimia, chukua bomba la mita 1 na ubonyeze mwishoni kwa uzito wa kilo 30 hivi. Tundu la pini ya kuzuia nati lisipolingana, kaza zaidi, usilegeze.

Nikiteremka kuelekea Kisoro na Peugeot 404 ya 1964, breki zinapotea njiani, zikipoa zinarudi. (Msomaji, Kabale)

Ni joto. Dramu ikipata moto hupanuka na kuzikimbia shu, na mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 155. Badilisha yote kila miaka 2 kwa kopo jipya lililofungwa, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo. Usimwagie maji dramu zenye moto.

Na kama kuna aliyewahi kukuzibia mrija wa gurudumu moja kwa kuukunja ili usivuje, ufunguliwe leo. Breki tatu zinafanya kazi ya nne, tena gari linavuta upande, na kwenye kona zile hakuna nafasi ya kulirudisha.