Kabla hujakubali jina lako liandikwe

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkuu wako amekuletea makala ya utafiti iliyokwisha kuandikwa na watu wa kampuni ya dawa, majedwali tayari, na jina lako limewekwa la tatu. Wewe uliandikisha wagonjwa tu, takwimu hujaziona. Unaniuliza ukubali au ukatae.

Usikubali mpaka uzione.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1978, inamtaka mwandishi atimize mambo manne: awe na mchango mkubwa katika kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua; aandike rasimu au aipitie kwa kina; aridhie nakala ya mwisho; na akubali kuwajibika kazi hiyo ikihojiwa. Hilo la mwisho liliongezwa mwaka 2013, na ndilo linaloniogopesha kwa ajili yako.

Mwaka 2001 ilichapishwa Marekani makala ya utafiti ujulikanao kama 329, kuhusu dawa ya paroxetine kwa vijana wenye sonona. Ilikuwa na majina 22. Rasimu iliandikwa na mwandishi aliyelipwa na mtengenezaji wa dawa. Ilisema dawa inafaa na haina shida kubwa. Mwaka 2015 watafiti wengine walichambua upya takwimu zilezile, wakachapisha kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza: dawa haikukishinda kidonge kisicho na dawa, na madhara yake yalikuwa mazito, yakiwemo mawazo ya kujiua. Wale walikuwa watoto wa watu, mwanangu. Na majina 22 bado yapo pale.

Sasa kuna upande ambao hukuuliza. Unajua miaka yangu ya darubini, tukizunguka vijiji vya mwambao kutafuta mayai ya kichocho kwenye vinyesi vya watoto. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyejua kaya ipi imehamia kambi ya uvuvi na itarudi lini. Bila yeye nusu ya watoto tusingewapata tena. Ripoti zilipotoka, niliona majina ya wakubwa ambao hawajawahi kukanyaga mwaloni kwetu. Yeye hakutajwa hata kwenye shukrani. Inaniuma mpaka leo.

Watu husema, "Hakuandika, basi si mwandishi." Kanuni haisemi hivyo. Inasema aliyetimiza jambo la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kupitia na kuridhia. Isitumike kumfungia mlango. Kwa hiyo kama mtaalamu wenu wa maabara ndiye aliyesimamia vipimo, mwombee apewe rasimu aisome.

Kwa mkuu wako nenda na adabu zako zote. Mwambie: "Profesa, naomba itifaki, yaani mpango wa utafiti, na takwimu ghafi nizipitie kabla sijaridhia. Naomba pia aliyeandika rasimu atajwe kwenye shukrani, pamoja na aliyemlipa." Akikataa, omba jina lako litoke kwa waandishi, utajwe kwenye shukrani kwa kuandikisha wagonjwa. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya, na ni kazi ya heshima.

Ombi hilo litume kwa baruapepe, ubaki na nakala. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako