Lipo, tena kubwa

Umeuliza kama kuna kanisa kubwa lililowahi kulegeza kanuni zake kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Lipo: Kanisa la Muungano la Methodisti lilifuta mwaka 2024 katazo la kuwaweka wakfu wachungaji mashoga, lililodumu tangu 1984. Badiliko hilo halikuja kwa kelele za mitandaoni. Waumini walipeleka hoja mkutano mkuu, wakashindwa kwa kura, wakarudi tena na tena. Bei yake haikuwa ndogo. Maelfu ya makanisa ya Marekani yalishajitoa. Kwa Wakatoliki ni habari nyingine: Desemba 2023 Vatikani iliruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, ila ndoa haikuguswa, na maaskofu wa Afrika walio wengi wakaikataa hata baraka hiyo.