Ukipeleka timu ndogo ya kisiwa kwenye michezo mikubwa, usianze na jezi

Mwaliko wa mashindano yenye michezo mingi ukifika, na una vijana wachache tu kutoka kisiwani, usianze na jezi. Najua jezi ndizo zinazopendeza kwenye picha, na mfadhili wa kwanza atakayejitokeza hapa Goma atataka jina lake liandikwe mgongoni. Anza na swali hili: hawa vijana wetu wanakwenda kushindana katika nini hasa? Ukishalijibu, nauli, karatasi, mazoezi na hata idadi ya walimu vitajipanga vyenyewe.

Nimekuwa nikiwasaidia vijana wa Idjwi, kisiwa cha Kongo katika Ziwa Kivu, kuvuka ziwa na kushindana nje ya nchi, na maswali yanayonifikia kutoka Bukavu, Minova na Kalehe yanafanana sana. Karibu kila mtu anataka kuupeleka mpira wa miguu kwanza. Mpira naupenda, na jioni zangu nyingi zinaishia uwanjani. Lakini timu ya mpira, ukihesabu wachezaji wa akiba, mwalimu na mganga, ni watu zaidi ya ishirini, na wakifungwa mechi mbili wanafungasha. Kwa nauli hiyohiyo ungewapeleka waogeleaji wanne na wakimbiaji wanne, kila mmoja akaingia mara mbili au tatu, na bado pesa ya chakula ikabaki.

Tazama Nauru. Ni kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 na watu wapatao 12,000. Waliamua kushikilia kunyanyua vitu vizito. Mwaka 1990, kule Auckland, kijana wao Marcus Stephen alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, na karibu medali zote ambazo kisiwa hicho kimepata katika michezo hiyo zimetoka kwenye mchezo huohuo. Stephen baadaye akawa rais wa nchi. Mchezo ule unahitaji chumba, vyuma na mwalimu anayejua kazi yake, wala hautaki uwanja wa nyasi wala timu ya kuchezea dhidi yako kila wiki. Watu wa kisiwa kidogo hivyo walikaa wakatafuta kinachowezekana kwao, wakakishika kwa miaka.

Sasa geukia Idjwi yetu. Ni kubwa kuliko Nauru zaidi ya mara kumi, na inakadiriwa kuwa na watu zaidi ya laki mbili. Saint Lucia, kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika laki mbili, kilipata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki huko Paris tarehe 3 Agosti 2024, na ilikuwa dhahabu: Julien Alfred, mita 100 kwa sekunde 10.72. Jioni hiyohiyo Thea LaFond wa Dominica, kisiwa chenye watu wapatao 70,000, alishinda dhahabu ya kuruka hatua tatu kwa mita 15.02. Kongo yetu ina watu zaidi ya milioni mia moja na haijawahi kupata medali ya Olimpiki ya rangi yoyote. Nayasema haya kwa uchungu, na kwa tumaini pia. Mzee wa kijiji akiniambia "sisi ni kadogo tu, tutafanya nini huko," namtajia visiwa hivyo viwili, na mazungumzo yanabadilika.

Kuna njia inayowasaidia wadogo, na ni vizuri uielewe kabla hujaahidi lolote kwa wazazi. Kwenye Olimpiki, nchi isiyo na mwanamichezo aliyefikia kiwango katika riadha au kuogelea inaweza kupewa nafasi maalumu, ili kila taifa liwe na mtu wake. Ndiyo maana huko Paris Nauru ilikuwa na mwanamichezo mmoja na Tuvalu wawili, wote katika mita 100. Nafasi hiyo huombwa na kamati ya Olimpiki ya taifa. Idjwi haina kamati yake, kwa hiyo mlango wake ni shirikisho la taifa Kinshasa, kupitia ligi ya mkoa. Klabu isiyosajiliwa kwenye ligi, hata ikiwa na kijana anayeruka kama swala, haionekani kwenye orodha yoyote. Maliza usajili huo kwanza, na risiti uiweke mahali pakavu.

Watu hupenda kumcheka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyeogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huko Sydney mwaka 2000. Mimi simcheki. Alitoka Malabo, mji wa kisiwani, alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, na bwawa la mita 50 alikuwa hajawahi kuliona. Wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake majini mbele ya uwanja mzima, na akamaliza. Mwaka 2012 alikuja kuwa mwalimu wa timu ya taifa lake. Ninachowaambia walimu ni kwamba taabu aliyoipata inaepukika, mradi kijana alione bwawa mapema.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wa ziwa wanapoteseka bila sababu. Mtoto wa Idjwi anaogelea akiwa ameinua kichwa. Ana haki: ziwani unatazama ufuko, unatazama bwato linalopita, unatazama wimbi. Lakini bwawani kichwa kikiinuka, miguu inazama, na kijana mwenye mapafu ya ajabu anapitwa na mtoto wa mjini mwenye nusu ya nguvu zake. Kuna binti mmoja niliyemfundisha ambaye kila baada ya mikono mitatu alikuwa akitoa uso kutafuta nchi kavu. Tulichofanya ni kumpa kazi ya kuufuata kwa macho mstari mweusi ulioko chini, na kupuliza pumzi yote ndani ya maji kabla ya kugeuza uso pembeni. Siku za kwanza alikuwa anameza maji na kukasirika. Baadaye mwili wake ukalala juu ya maji, akaacha kupigana nayo.

Halafu kuna ukuta. Ziwa halina ukuta, kwa hiyo kijana akifika mwisho wa bwawa anasimama, anashika ukingo, anavuta pumzi, ndipo anageuka. Mfundishe kuugusa na kusukuma kwa miguu katika tendo moja, hata kama hajui ile pindua ya kichwa chini. Mfundishe pia kuruka kutoka juu ya kianzio. Mabwawa ya hoteli zilizo kando ya Kivu mara nyingi si ya mita 25, kwa hiyo chukua mita ya fundi upime mwenyewe, maana muda uliopatikana kwenye bwawa la mita 18 hautapokelewa popote. Omba saa za alfajiri kabla wageni hawajaamka. Nimeona mameneja wakikubali bure, wakiahidiwa tu kwamba vijana wataoga kabla ya kuingia majini.

Na mkifanya mazoezi ziwani kwenyewe, fanyeni pale wavuvi wanapopajua. Mazuku si hadithi. Ni hewa nzito ya kaboni inayokusanyika kwenye mabonde na baadhi ya vighuba upande huu wa Goma na Sake, haina rangi, na mwogeleaji mwenye pumzi ya haraka yuko hatarini kuliko mtu aliyesimama. Bwato moja liwe karibu nao daima, lenye mtu mzima anayejua kuokoa. Hilo halina mjadala.

Kwa wakimbiaji nitasema machache. Kukulia kwenye urefu wa karibu mita 1,460, ukipanda na kushuka vilima na mzigo wa mananasi kichwani, kunatoa mapafu mazuri kwa mbio ndefu. Kinachowaangusha ni mambo madogo ya uwanja: misumari ya viatu kwenye uwanja wa kisasa haipaswi kuzidi milimita 9, na waandaaji wengine hutaka mifupi zaidi, na mtu akitoka kabla ya mlio mara moja tu, ameondolewa. Vijana wetu wamezoea kuanzishwa kwa mkono au filimbi. Wazoezeshe kwa mlio mkali wa ghafla, na usubiri muda tofauti kila mara, ili wasiotee.

Sasa karatasi, jambo linalonitoa jasho kuliko mbio zenyewe. Majina yetu ya Kikongo yana sehemu tatu, na mfumo wa usajili wa mashindano mara nyingi una nafasi mbili. Kijana anaandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye karte ya uchaguzi, mwingine kwenye cheti cha shule, mwingine tena kwenye pasipoti, na herufi moja imebadilika katikati. Mpakani, au mezani kwa waandaaji, huyo anakuwa watu watatu. Chagua hati moja, iwe ya kusafiria, na kila kitu kingine kiandikwe kama ilivyo humo, herufi kwa herufi. Aliye chini ya miaka 18 hana karte ya uchaguzi, kwa hiyo hati ya kuzaliwa na ruhusa ya wazazi yenye muhuri zianze kutafutwa siku mwaliko unapofika. Karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa siku 10 baada ya sindano, na anayechanjwa wiki ya safari anaweza kurudishwa. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwanzoni mwa 2025, wengi wetu tunapandia Kigali, kwa hiyo hesabu na muda wa kuvuka mpaka.

Waandaaji huomba majina kwa awamu: kwanza idadi kwa kila mchezo, kisha orodha ndefu, mwishowe majina kamili. Ukikosa awamu ya kwanza, ya mwisho haitakufaa. Kwenye orodha ndefu weka hata kijana unayemtilia shaka, maana kutoa jina ni rahisi, kuliongeza ni vita.

Timu ndogo hupewa viongozi wachache, mara nyingi mmoja au wawili. Itatokea mwogeleaji wako na mkimbiaji wako wanaitwa saa moja, pande mbili za mji. Kwa hiyo kila kijana ajue kusimama peke yake: asome ratiba, apande basi sahihi, afike kwenye chumba cha kuitia washindani dakika alizoambiwa, akiwa na kitambulisho shingoni na namba yake. Tunafanya mchezo wa kuigiza huku nyumbani. Mama mmoja anakaa mezani kama mwamuzi mkali, anauliza jina na mchezo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, na kijana lazima ajibu akimtazama usoni. Wale wenye aibu ndio wanaofaidika zaidi.

Dawa pia. Kijana mwenye mafua akinunua vidonge kwa mwuza dawa wa sokoni anaweza kumeza kitu kilichokatazwa. Dexamethasone, inayotumiwa huku hata na wanaotaka kunenepa, imepigwa marufuku wakati wa mashindano ikinywewa au kuchomwa sindano. Daktari wa timu aone kila kidonge.

Suala la bendera limalizeni kabla ya kupanda bwato. Mwaka 2015, kwenye Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi huko Réunion, Komoro ilijiondoa kwa sababu ya bendera ya Ufaransa kubebwa na Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa ambacho Komoro inakidai kuwa chake, na wanamichezo waliojiandaa miaka minne wakarudi nyumbani bila kushindana. Sitaamua hapa nani alikuwa na haki. Ila mkubaliane mapema vijana wa Idjwi wanatembea nyuma ya bendera gani na kwa vazi gani. Na anayeshindana asubuhi inayofuata asiende kwenye ufunguzi. Kusimama saa nyingi usiku kunamaliza miguu.

Tukumbuke pia kwamba si kila mwaliko ni wa michezo peke yake. Michezo ya Francophonie, ya nchi zinazotumia Kifaransa, iliyofanyika Kinshasa kuanzia 28 Julai hadi 6 Agosti 2023 ilikuwa na wasimulizi, wachezaji ngoma na wachoraji wakishindania medali kama wanariadha. Kisiwa chenye wasimulizi hodari kisiwaache nyumbani.

Jambo gumu kwa wazazi ni kumwachia mtoto aondoke. Julien Alfred aliondoka Saint Lucia akiwa na miaka 14 kwenda Jamaika kutafuta mafunzo. Huku kwetu safari yenyewe ni fupi, ni Goma au Bukavu tu, lakini inahitaji ndugu wa kumpokea, shule ya kumkubali, na mtu wa kumwangalia jioni. Ukimwona mwenye kipaji, nenda ukakae na baba na mama yake nyumbani kwao, uwaeleze atalala wapi, atakula nini, atarudi lini. Usitume ujumbe wa simu kwa jambo kama hilo.

Na mashindano yakiisha, msikimbilie basi kabla ya kupata karatasi rasmi ya matokeo ya kila kijana, yenye muda wake, umbali, tarehe na sahihi ya mwamuzi. Piga picha, kisha asili uipeleke kwenye ligi ya mkoa wiki hiyohiyo. Fomu ya mwaliko ujao itauliza muda bora wa kila mmoja na mahali alipoupata.