Usiku Mmoja wa Kumsubiri Daktari

Mwaka juzi mdogo wangu alikusanya marejesho ya wanakikoba wenzetu, laki tatu na ushee, asiyafikishe. Mwanawe alikuwa amelazwa. Mweka hazina nilikuwa mimi, nikaandika daftarini kwamba zimepokelewa.

Laiti ningekuwa nimeiona filamu bubu ya Mjapani Ozu Yasujiro ya mwaka 1930, Sono yo no tsuma, yaani Mke wa Usiku Ule. Baba anavamia ofisi usiku kwa bastola apate pesa ya kumtibia binti yake. Anapanda teksi kurudi nyumbani, kumbe dereva ni mpelelezi. Chumbani mke anamwelekezea mpelelezi bastola mbili, ya mumewe na ile aliyompokonya, mpaka usingizi unamzidi. Anapozinduka, zote anazo mpelelezi. Angeweza kumfunga mtu pingu palepale. Hakufanya hivyo. Akakaa kumsubiri daktari wa asubuhi.

Mimi nilidhani kuna njia mbili tu: kumchoma ndugu yangu au kumficha. Mpelelezi aliahirisha kukamata, lakini kosa hakulifuta. Kwa hiyo ndugu yako akikuomba umfichie, muulize anahitaji siku ngapi, kisha nenda ukaziombe hizo siku kwa wenye mali, deni likiwa limeandikwa. Tena kikoba chetu kina mfuko wa jamii, na wagonjwa ndio walengwa wake hasa! Aibu ilinisahaulisha.

Siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba, daftari na sanduku havikulingana. Hisa zangu zikafidia pengo, na cheo kikaenda. Kilichoniuma zaidi ni maneno ya mdogo wangu: wiki ile ya kwanza alikuwa tayari kusimama aseme mwenyewe, akaniona nimeshaandika.

Asubuhi ile mpelelezi anajifanya amelala. Baba anatoroka, kisha anarudi kwa miguu yake akafungwe.

Ukiitafuta, zima simu. Ni kama saa moja tu, na hakuna sauti ya kukusimulia. Zamani Wajapani walikuwa na msimulizi wao ukumbini, kama sisi tulivyokuwa na Lufufu kwenye vibanda vya video. Tulipoitazama pamoja, mdogo wangu alijitolea kuwa Lufufu, akapiga domo tangu teksi hadi bastola. Baba aliporudi mlangoni, akanyamaza.