Shangazi, tangu nipungue mume wangu amekuwa askari

"Shangazi, shikamoo. Miezi minane iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Nilikuwa na kilo 124, leo nina 86. Kila mtu ananisifu isipokuwa watu wa nyumbani kwangu. Mume wangu ananichunga kama mtoto: umekula nini, umemeza vidonge, mbona umekaa sana chooni. Mama mkwe ndiye kabisa. Kila akija anakuja na vyombo vya chakula, ananilazimisha nile, nikikataa analia. Habari za upasuaji hazijui, tulimwambia nilitolewa uvimbe. Naamini wote wawili wana wivu, walizoea kuniona mnene. Hata kaka mmoja wa kazini ameliona hilo, anasema sistahili maisha haya. Nakula kidogo, nikitapika napata nafuu. Vidonge niliacha mwezi wa nne kwa sababu vinanichefua. Ukiacha miguu kufa ganzi usiku na kizunguzungu cha hapa na pale, sijambo. Nafikiria nishike mimba mapema ili mama mkwe anyamaze, au niondoke nikaanze maisha mapya. Nishauri.
Mke Mpya"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kisu, na hongera kwa kilo 38. Najua hazikutoka bure.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsikia mke anayeonewa. Mara ya tatu nilimsikia mgonjwa anayeficha ugonjwa wake, na mume aliyeuona lakini hana pa kuusemea. Kwa hiyo sitaanza na ndoa. Naanza na maneno uliyoyapitisha mbiombio karibu na mwisho, kama mtu anayefunika chungu kabla mgeni hajachungulia: unatapika, vidonge vya vitamini umeacha, miguu inakufa ganzi.

Hiyo si "sijambo". Mwili wa binadamu huweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, ya wiki chache tu. Mtu aliyekatwa mfuko wa chakula, anayekula kidogo na kutapika mara kwa mara, anaweza kuimaliza upesi, na ikiisha zinaumia neva, kisha ubongo. Dalili zake ni ganzi ya miguu, kuyumba, kuona vitu viwiviwili, kuchanganyikiwa. Mengine yakishatokea hayarudi. Inawezekana ganzi yako inatokana na upungufu wa B12 au kitu kingine. Mimi si daktari wala sitajifanya daktari. Ila nenda hospitali leo, usingoje Jumatatu. Ukifika usiseme tu kwamba una kizunguzungu. Taja upasuaji, taja kutapika, taja kwamba vidonge uliviacha lini. Ukitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kupewa B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, na anayekupokea hawezi kulijua hilo kama umemfichia habari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee hawakulisema hilo kwa ajili ya mapambo.

Kuna jambo jingine. Hukuandika kama matapishi yanakuja yenyewe au wewe ndiye unayeyaita. Umesema tu "nikitapika napata nafuu", na mumeo anauliza mbona unakaa sana chooni. Jibu unalo wewe. Kama yanakuja yenyewe, huenda unakula haraka, hutafuni vya kutosha au unakunywa maji pamoja na chakula. Tena kuna ambao mfuko wao hubana njiani baada ya upasuaji, na hao huhitaji kutazamwa. Kama unayaita kwa kuogopa kilo kurudi, hilo ni ugonjwa, lina wataalamu wake, na halina aibu kuliko hayo mengine. Liseme.

Sasa tuje kwa huyo askari wako.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, ila kuna kipande nilichokiacha makusudi ili nikiseme mwenyewe. Uliandika kwamba zile wiki mbili za kwanza, ulipokuwa kwenye vinywaji vitupu, mumeo alikuwa akiamka usiku na kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, akikupimia maji mililita 30, unavuta funda, mnangoja, unavuta jingine. Baadaye akawa anakusagia kuku mpaka anakuwa uji, na vidonge anavitwanga kwa kitako cha kijiko. Umeliandika kama malalamiko, kwamba "hata wakati ule alikuwa ananitawala". Mwanangu, mimi niliposoma hapo niliiweka barua chini kwanza. Mwanamume anayekaa kitako saa nane usiku na kikombe cha mililita 30 hana wivu na wembamba wako. Ameogopa. Aliogopa wakati ule na anaogopa sasa, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na wewe mbele ya mtaalamu wa lishe akasikia kwamba vitamini ni za maisha yote, akasikia angalau gramu 60 za protini kwa siku, na sasa anauona mlango wa choo umefungwa na dawa zimejaa kwenye kopo. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

Namna yake ya kuuliza huenda inakera. Mtu mzima hapendi kuhesabiwa matonge. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo, lakini baada ya kumwambia ukweli. Mkishakubaliana kwamba vidonge vinamezwa, hatakuwa na sababu ya kuvihesabu. Na kama vinakuchefua, omba vya kutafuna, badilisha saa, vimeze na chakula. Vinabadilishwa, haviachwi.

Kuhusu mama mkwe, nasimama upande wake bila kusita. Mlimdanganya. Mlimwambia uvimbe. Kisha akamtazama mkwewe kwa miezi minane akiyeyuka kilo 38, nywele zinakatika, mashavu yameingia ndani, sahani anaisukuma. Mama wa watu afikirie nini? Anafikiri uvimbe ule ulikuwa mbaya na mnamficha. Yule hakuletei chakula kwa dharau, na machozi yake si ya kukulazimisha. Analia kwa sababu anaamini anakuzika. Na mwanawe amebeba siri yako katikati ya ukoo mzima, pengine anaulizwa kila siku mke unamfanya nini, naye anameza. Hilo umewahi kumshukuru?

Mwambie mama ukweli. Keti naye, mweleze kwamba ulitolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 80, na mfuko uliobaki ni mwembamba kama ndizi. Kwamba sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana hamu imepungua. Kwamba nywele huanza kukatika kwenye mwezi wa tatu hivi na kwa kawaida huota tena ukila protini na kumeza madini yako. Mwanamke aliyejaza vyombo kwa upendo atapunguza vyombo kwa upendo huo huo. Mpe kazi: akuchemshie yai, akupikie samaki laini, vijiko vichache. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Halafu yule kaka wa kazini. Umemtaja kwa mstari mmoja, nami nimekaa juu ya mstari huo. Amekujua ukiwa na kilo ngapi? Alikuwa wapi ukishindwa kupanda ngazi? Usiache mbachao kwa msala upitao. Wataalamu wa Sweden wamefuatilia wagonjwa wa upasuaji wa kupunguza unene tangu mwaka 1987, na mwaka 2018 walichapisha kuhusu ndoa zao. Waliokuwa na wenza waliachana zaidi kuliko wanene wenzao ambao hawakufanyiwa upasuaji, na wale waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Watu huisoma habari hiyo wakasema kisu kinavunja ndoa. Mimi nasema kisu kinampa mtu macho mapya ya kujitazama, na wa kwanza anayetokea kuyasifu hayo macho anaonekana malaika. Sifa ni tamu. Kwa mtu aliyedharauliwa miaka mingi kwa ajili ya mwili wake ni tamu mno, na hilo sikulaumu hata kidogo; dunia ilikukosea. Lakini mumeo hakuwemo katika hao waliokudharau. Kama angekuwemo ungeliandika, maana mengine yote umeyaandika.

Nina uchungu na ndoa za siku hizi. Mtu akipata cheo, anahesabu kama mwenzake bado anamfaa. Akipata pesa, anahesabu. Sasa tumefika mahali ambapo hata mizani ya bafuni inatumika kuhesabia. Mume wa shida anaonekana amechoka na ana harufu ya dawa, mume wa mtaani ana marashi. Zamani tulikosea mengi, tuliwavumilia wanaume wasiovumilika, sitaki turudi huko. Kuna wanaume ambao kweli huumizwa na mke akipendeza, wakamnunulia keki ili anenepe, wakamkataza kutoka. Wa namna hiyo ningekwambia ukimbie. Katika barua yako nzima simwoni.

Mimba usiiguse sasa. Wataalamu husema ungoje miezi 12 mpaka 18 tangu upasuaji, na wewe una minane, tena mwili wako hauna vitamini hata za kukutosha peke yako. Wanawake wengi huanza kushika mimba kwa urahisi zaidi wakishapungua, kwa hiyo zungumza na daktari juu ya kinga mwafaka, hasa kama unatapika vidonge. Na mtoto hazaliwi ili kumnyamazisha bibi yake. Isitoshe, umeniandikia sentensi moja yenye kuzaa na kuondoka ndani yake. Mtu mwenye mawazo hayo mawili kwa wakati mmoja hajala vizuri na hajalala vizuri. Maamuzi ya kuachana yaweke kabatini mpaka damu yako ipimwe na miguu irudi kuhisi sakafu.

Basi vaa viatu. Mwombe mumeo akusindikize, na lile kopo la vidonge alibebe yeye ili daktari aone vimebaki vingapi. Chumbani mwa daktari ongea wewe mwenyewe, yeye akiwa anasikia. Mkitoka, mpigieni mama kabla hajaanza kupika.

Shangazi